Tovuti ya Chuo Si Stoo ya Makaratasi

Mwaka jana ndugu yangu mdogo alitafuta karo ya chuo alichoitwa, kwa simu. Jibu la kwanza lilikuwa PDF, nembo ya chuo juu, sahihi ya msajili chini. Mama akapiga hesabu kwa karatasi hiyo, akauza mbuzi watatu, kijana akapanda basi la usiku. Kufika dirishani anaambiwa, "Hii ni ya 2019. Kwani hukuona?"

Angeona wapi? Mwaka ulikuwa umefichwa ukurasa wa nne, herufi ndogo kama sisimizi. Pesa hazikutosha, kitanda cha hosteli kikaenda kwa mwingine, akalala sakafuni kwa rafiki wiki tatu.

Na si eti karo haijabadilika. Mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi ulianza 2023, na ile shilingi 16,000 kwa mwaka waliyozoea waliopelekwa na serikali haikuwa tena kipimo kwa wanaoingia. Chuo kikiacha karatasi ya zamani hewani, kinampa mzazi bei ya uongo kwa nembo yake chenyewe.

Najua mtaniambia angepiga simu aulize. Alipiga. Nambari iliyo kwenye tovuti haipatikani, na barua pepe ilirudi kama ilivyokwenda.

Wengine watasema idara ya kompyuta ina watu wachache. Hapo ndio mimi hukataa kabisa. Kijana wa kompyuta hajui karo ya mwaka huu. Anayejua ni ofisi ya fedha. Anayejua tarehe ya kuripoti ni msajili. Kila ukurasa uwe na ofisi inayouwajibikia, na tarehe ya mwisho kukaguliwa iandikwe juu kabisa. Kabla ya kila muhula wa wapya, wakague vitu vinne tu: karo, tarehe, akaunti ya benki na nambari za simu. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, haihitaji tenda.

Halafu kuna huu ujanja wa kuondoa kiungo kwenye ukurasa na kudhani umemaliza. Faili bado iko kwenye seva, na Google bado inaijua. Weka faili mpya kwa anwani ileile ya zamani, ndio hata anayefuata kiungo cha miaka mitano iliyopita akutane na ukweli wa leo.

Sisemi mfute kila kitu. Aliyemaliza 2012 anaweza kuhitaji mtaala wake wa wakati huo akiomba kusoma kwingine. Wekeni kumbukumbu, lakini ziandikwe kwa herufi kubwa: HII IMEPITWA NA WAKATI.

Tena hili si jambo la hisani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma kuchapisha habari zake na kuzihuisha. Vyuo vya umma vimo humo.

Fungua tovuti ya chuo chako leo. Chukua nambari yoyote ya ofisi, piga. Mtu akishika, rudi hapa uniambie nimewaonea. Nitaomba msamaha hadharani.