Viza ya Miaka Kumi Si Ruhusa ya Kuhamia



Siku hizi bibi harusi akiolewa Uingereza, mama yake naye huanza kuhesabu safari. Arubaini ya mtoto wa kwanza, ya wa pili, mara mjukuu kaanza skuli. Na mama mwenyewe bado kijana, hajafika hata hamsini, ana duka lake na wateja wake. Kwa hiyo tunasema suala la viza lizungumzwe mapema, pamoja na la mahari na mkaja, lisingoje mtoto azaliwe.

Viza ya matembezi ya Uingereza huombwa ya miezi sita, ya miaka miwili, mitano au kumi. Wengi wakisikia kumi hudhani wamepata makaazi. Hapana! Miaka hiyo ni ya kuingia na kutoka. Kila ukiingia, mwisho wako ni miezi sita. Wapo wanaoapa kuwa ukikaa miezi sita kule na sita huku huna tatizo. Kanuni hiyo haipo. Wanachoangalia ni kama umeyageuza matembezi kuwa makaazi, na wakiona hivyo wanaweza kukuzuia mlangoni na kuifuta viza yenyewe.

Sisi tunaona mama mwenye biashara inamtosha ya miaka miwili. Ya kumi ni ghali sana, na ukiomba ndefu wakakupa fupi, tofauti hurudishiwi. Pesa hiyo si bora inunue mzigo wa dukani?

Halafu kuna lile neno la mabinti zetu: "Mama, we sema unakwenda kutembea tu." Kwa nini ufiche? Kwenda kumlea mzazi na kumshika mjukuu kwa muda mfupi, kama bibi, kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kufanywa yaya ili binti na mumewe waende kazini mwaka mzima. Na sie mafundi tujue kuwa kubeba madira ya kuuza kule ni kazi, hata mnunuzi akiwa jirani wa binti. Ukikutwa umedanganya katika maombi unaweza kukataliwa miaka kumi. Miaka kumi ya mjukuu, jamani, ni utoto wake wote.

Wengine husema, nikistaafu nitahamia. Kwa njia gani? Ile ya wastaafu wenye kipato chao Uingereza iliifunga mwaka 2008. Iliyobaki kwa wazazi ni ya anayehitaji kuuguzwa kila siku na hapati huduma hiyo kwao, na hata huyo hupata kwa taabu.

Basi mama usifunge duka. Leseni, taarifa za benki na hati ya nyumba ndizo zinazoonesha kuwa una pa kurudi. Na wewe bibi harusi, kabla ya kuitikia posa, muulize mwenzio: mama akirudi Unguja mwezi wa saba, mtoto atabaki na nani?