Shule za Nyamira Zinunue kwa Jirani

Afikaye soko la Nyaramba siku ya soko huiona mikungu ya ndizi ikimngoja dalali. Dalali hutaja bei, na mama aliyeibeba hukubali shingo upande, maana kuirudisha nyumbani ni hasara juu ya hasara. Wakati uo huo, katika shule za bweni za kaunti hii ya Nyamira, watoto hula ugali na githeri ya mahindi na maharagwe yaliyoletwa kwa lori na aliyeshinda zabuni.

Zabuni! Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako humaanisha mteja. Sisi tumelifanya kuwa shindano ambalo mkulima wa nusu ekari hata halisikii likitangazwa.

Wengi hudai kwamba mkulima mdogo hawezi kutosheleza shule yenye wanafunzi mia nane. Peke yake hawezi, ndiyo. Lakini akina mama ishirini katika kikundi kimoja wanaweza kuleta managu na mgagani (chinsaga yetu ya Gusii) kwa zamu, kila juma. Hata sheria haiwazuii. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaruhusu bidhaa zigawanywe katika mafungu madogo ili wanyonge nao washiriki. Brazil ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 ilitunga sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zitumike kununua kwa wakulima wadogo. Mwaka uo huo Kenya nayo ilianzisha mpango wa kununua chakula cha shule karibu na shule, lakini ulilenga maeneo makavu. Nyanda zetu zenye mvua hazikufikiriwa, kana kwamba penye mvua hapana umaskini.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni malipo. Fedha za serikali zinapochelewa, mwalimu mkuu hukopa chakula. Awezaye kukopesha muhula mzima ni tajiri mwenye mtaji, naye gharama ya kungoja huitia katika bei. Mkulima hawezi kungoja hivyo, kwa kuwa fedha anazozitafuta ni karo ya mwanawe katika shule iyo hiyo!

Basi mbona wawili hawa wasidaiane? Zipo shule nchini ambazo hupokea mahindi na maharagwe badala ya karo. Nyingi hufanya hivyo kwa huruma tu, mzazi akishakwama. Mimi ningependa uwe utaratibu ulioandikwa: mboga na ndizi zipimwe kwa mizani mbele ya mzazi, bei iwe ya soko la siku hiyo, na stakabadhi itolewe papo hapo. Halmashauri za shule zibandike ratiba ya mlo sokoni mapema, kabla ya msimu wa kupanda, ili kikundi kijue ni kilo ngapi za managu zitakazohitajika, na juma gani.