Albamu Si Mizani ya Mwimbaji

Wako mashabiki wa muziki, na baadhi yao ni wanafunzi wetu, washikao kuwa mwimbaji asiye na albamu hana kazi ya kuhukumiwa. Rai hii naipinga. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na uso mmoja wa sahani zile ulichukua kama dakika tatu tu. Sahani ndefu, iwezayo kubeba nyimbo nyingi, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Siti alifariki 1950. Apimwe vipi kwa kipimo kilichozaliwa yeye akikaribia kaburi?

Ukumbini taarabu haina haraka: beti hurudiwa, fidla hujibu, wasikilizaji huinuka kutuza. Santuri iliyakata hayo, wimbo ukabaki mfupa. Lakini ni mfupa wenye uboho! Uso mmoja wa Siti, na mikwaruzo yake yote, naupenda kuliko albamu ya nyimbo kumi ambamo mbili zaimba na nane zajaza nafasi. Shaaban Robert alimwona astahili kitabu kizima cha wasifu. Mashabiki wetu, katika orodha zao, hawampi hata mstari.