Magunia Sita ya Zaka Tuliyoyafukia

Wiki hii tunaandika kwa haya kidogo, kwa kuwa kosa tunalolieleza ni letu sisi wanakamati wa msikiti. Tunalieleza kwa sababu misikiti mingi ya Ngara na Biharamulo ina stoo kama ya kwetu, na nyumba nyingi zina pembe ya chumba inayofanya kazi ya stoo.

Mavuno ya vuli yalipokamilika, waumini walileta zaka ya mazao kama ilivyo ada, sehemu moja katika kumi, kwa kuwa kilimo chetu ni cha mvua. Tulipokea magunia kumi na manne ya mahindi. Mvua zilikuwa hazijakatika sawasawa, na mahindi mengi yalikuja na unyevu. Tukayapanga katika mifuko ya salfeti juu ya sakafu ya saruji, yameegemea ukuta, tukafunga mlango tukisubiri orodha ya wanaostahiki ikamilike. Orodha ilichukua wiki tano. Siku tulipofungua, harufu ndiyo iliyotangulia kutupokea. Magunia sita ya chini yalikuwa yameota ukungu wa kijani uliochanganyika na manjano.

Kikao kilikuwa kirefu. Mzee wetu mmoja alisema mahindi yaoshwe, yaanikwe, yakobolewe, na moto wa jikoni utamaliza yaliyobaki. Mwingine akapendekeza tuyauze kwa wanunuzi wa Nyakanazi, kisha fedha tuwape masikini. Wa tatu akataja wafugaji wa kuku.

Yupo kijana katika jamaa yetu anayefanya kazi maabara, nasi tulimwomba atueleze. Ukungu wa namna ile, alisema, unaweza kuzalisha sumukuvu, na joto la sufuria haliimalizi. Kukoboa na kuchagua hupunguza, lakini hakusafishi gunia lililokwisha kuoza. Wala jicho halitoshi, maana si kila ukungu una sumu, na punje inayong'aa inaweza kuibeba. Kikomo kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja. Tulipiga hesabu pale pale: gramu moja tu ikienea katika tani 100 za mahindi, imekwisha kufika kikomo.

Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Hapa Tanzania ilikuwa mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Walikula mahindi ya nyumbani kwao.

Kilichotushangaza zaidi ni kazi ya ini. Ini limeumbwa kupokea vinavyotoka tumboni na kuvigeuza, kwa vimeng'enya vyake, ili mwili uvitoe. Sumukuvu inapofika humo, kugeuzwa kwake ndiko kunakoifanya kali zaidi. Inakuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya chembe za ini, na huko ndiko mbegu ya saratani inapopandwa. Mwili una kinga, kiitwacho glutathioni, kinachoishika sumu ile kabla haijadhuru. Lakini kinga hiyo hutengenezwa kutokana na protini. Mtoto anayekula ugali mtupu asubuhi na jioni, bila maharage, dagaa wala yai, anakutana na sumu akiwa na akiba ndogo. Na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari yake huongezeka mara nyingi. Chanjo ya homa hiyo iliingia katika chanjo za watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatukuipata. Tukapime.

Tuliuliza: je, kipimo cha damu hakitaonyesha mapema? Alijibu kwamba maabara hupima vimeng'enya vinavyovuja chembe za ini zinapojeruhiwa, hupima bilirubini inayofanya macho kuwa ya manjano, na albumini ambayo ini hulitengenezea damu. Anayekula sumu kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupimwa vyote hivyo na majibu yakawa ya kawaida.

Basi rai ya kuuza ikaanguka. Tulikumbushana hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kuingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu uliofichwa chini. Na Aya ya 267 ya Suratul Baqara inakataza kukusudia kutoa kilicho kibaya. Kuku nao hudhurika kwa sumu hii, na ng'ombe akiila hupita katika maziwa.

Tulidhani tumemaliza, hadi mama mmoja mjane alipokuja mlangoni. Alisema, "Shekhe, ini litaniua baada ya miaka. Njaa itaniua wiki hii." Hatukuwa na jibu la kitabuni. Tuliyakagua magunia manane ya juu kwa njia aliyotufundisha kijana yule: punje kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya soda, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Haikuganda. Tukaacha orodha ilivyo, tukagawa siku ile ile, tukianza na yeye.

Sita tuliyafukia shimo refu, mbali na kisima, na vijana wawili wakalinda hadi udongo ulipojaa.

Likabaki suala la deni. Amini asipozembea hadaiwi amana iliyoharibika, lakini sisi tulizembea: sakafu, ukuta, wiki tano. Tulichanga wajumbe sita kati ya saba, tukanunua magunia sita makavu na debe la maharage. Wa saba anasema mvua ni kadari na hadaiwi kitu. Hajatoa hadi leo, nasi bado tunamwalika vikaoni.

Sasa stoo ina chaga za mirunda, magunia yamesogezwa mbali na ukuta, na tumenunua maturubai mawili ambayo muumini yeyote anaweza kuazima kuanikia kabla hajaleta zaka yake. Orodha ya wanaostahiki tunaiandika kabla ya mavuno. Chupa ya soda yenye chumvi iko dirishani kwa mweka hazina, na imekwisha kurudisha nyumbani gunia la mjumbe mmoja.