Kinga bila breki si kinga



Leo ukurasa huu hausemi juu ya baruti, wala mashine ya kusaga mawe, wala vumbi la mgodini. Tunasema juu ya kitu unachokiegemeza ukutani kila jioni na kukipangusa kila asubuhi, mara nyingine kabla hata hujanawa uso. Ni baiskeli yako. Wengi wetu, hasa sisi tuliokulia upande wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tunaiita kinga. Shika neno hilo vizuri, maana mwishoni tutarudi kwalo.

Pita mjini Kalemie Jumapili, watu wakiisha kutoka ibadani. Utawaona wenye baiskeli wamekusanyika chini ya mti, kila mmoja na yake. Huyu amefunga vioo viwili kwenye usukani, na maua ya plastiki katikati. Yule amezungushia bomba la baiskeli karatasi za rangi na kuandika jina la mke wake kwenye kibati cha kuzuia matope. Mwingine ana kengele mbili, dinamo, na kiti alichokishonea kitambaa chenye pindo za nyuzi. Spoki zinang'aa kama sahani za sikukuu.

Halafu ubishi unaanza. Mzee mwenye Raleigh ya zamani anasema chuma cha siku hizi ni kama kopo la maziwa. Kijana mwenye Phoenix ya China anajibu kwamba yeye amebeba magunia mawili ya makala mpaka sokoni na rimu haikupinda. Wa tatu anaitetea Hero ya India: vipuri vyake si ghali, na kila fundi anaijua. Wanabishana mpaka jua linaelekea kuzama, na hakuna anayeshindwa. Ni furaha isiyo na gharama, na haimlevyi mtu.

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kwa hiyo, ndugu yangu, usifikiri kwamba anayesema nawe ni mtu wa gari anayewacheka wa baiskeli.

Lakini nikuulize neno moja. Katika Jumapili zote hizo, je, umesikia hata mara moja mtu akisema, "Njoo uone breki yangu"? Mimi sijasikia. Tunaonyeshana kioo, rangi, kengele, taa. Breki hatuonyeshani. Na neno hili nimelijua kwa kulipa.

Jumapili moja nilitoka katika mkutano kama huo, mwanangu wa miaka 7 akiwa nyuma kwenye karia. Watu walikuwa wameisifu baiskeli yangu, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri. Tulikuwa tunateremka kuelekea ziwani, na mbele yetu mama mmoja akavuka njia na beseni kichwani. Nikabana breki. Mikono ikafika mwisho wa usukani, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sikuigusa. Mipira ya breki ilikuwa imekwisha zamani, na mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimesema nitaibadilisha mwezi ukiisha. Lakini mwezi ule ule nilikuwa nimenunua kioo cha pili.

Nikageuza usukani, tukaingia katika mfereji. Mama yule hakuguswa, namshukuru Mungu. Mimi nilichubuka viwiko. Lakini mtoto, katika hofu, aliuingiza mguu wake ndani ya spoki. Kisigino kilichanika mpaka mfupa ukaonekana. Alikaa wiki nyingi bila kukanyaga chini. Leo ni kijana mkubwa na anatembea vizuri, lakini akivua kiatu mbele yangu mimi hutazama upande mwingine.

Sikumlaumu fundi, wala mvua, wala yule mama. Kioo kile cha pili nilikitoa siku ile ile.

Sasa wako watu wa usalama wanaosema: "Urembo huu wa baiskeli ndio unaoleta ajali. Ukomeshwe." Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayependa baiskeli yake huitazama kila siku, na jicho linalotazama kila siku ndilo linaloona nati iliyolegea kabla haijaanguka. Baiskeli ya kuogopwa ni ile isiyopendwa na mtu, iliyotupwa mvuani, isiyopata mafuta mwaka mzima. Majivuno yetu si adui wa usalama. Tatizo ni kwamba tumeyaweka mahali pasipo pake. Tuyatoe kwenye kioo, tuyapeleke kwenye breki.

Tufanye hesabu kidogo, maana wachimbaji ni watu wa vipimo. Ukienda kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, unapita zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde. Tangu jicho lione hatari mpaka mkono ubane breki, karibu sekunde moja inapita. Kwa breki nzuri na barabara kavu, utasimama baada ya mita karibu 10 kwa jumla. Ukiteremka mlima kwa kilometa 40 kwa saa, usidhani utahitaji mita 20. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya breki peke yake inaongezeka mara nne. Utahitaji mita karibu 27. Na hiyo ni kwa breki nzuri, bila mzigo na bila mtu nyuma.

Tazama hesabu nyingine. Kugonga ukuta kwa kilometa 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 6 juu. Kazini, kapita akikuona umepanda mita 2 bila mkanda, atakushusha na kukukemea mbele ya wenzako, nawe utakubali kwamba ni haki. Saa kumi na nusu jioni unatoka getini, unapanda kinga, na unateremka kwa nguvu ya mtu anayeanguka kutoka juu ya nyumba ya ghorofa. Hapo hakuna kapita. Uko peke yako na mipira yako ya breki.

Mvua nayo ina hesabu yake. Rimu za chuma zikilowa, mpira wa breki unateleza juu yake kama mguu juu ya sabuni, na nafasi ya kusimama inakuwa ndefu mara kadhaa. Hapa kwetu mvua inakaa nasi miezi mingi, tangu Oktoba mpaka Aprili. Mtu anayejua jambo hilo hubana breki kidogo kidogo kabla ya kufika kwenye mteremko, ili rimu ifutike maji. Asiyejua hungoja mpaka aone hatari.

Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu hili, huko Burundi, wako watu wanaoteremka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama, juu ya mita 2,000, mpaka Bujumbura ufukoni mwa ziwa. Wakipanda, wengine hujishika nyuma ya malori. Wakishuka, hushindana na malori hayo hayo. Ni watu wa nguvu na ujuzi. Mtu yeyote wa baiskeli akiwaona huvua kofia. Lakini ujuzi hauongezi urefu wa barabara. Lori likisimama ghafla mbele yako, sifa zako zote haziwezi kukununulia mita moja.

Tena, ndugu msomaji, jua kwamba baiskeli ya namna hii tunayoipanda ilizaliwa kwa ajili ya usalama. Zamani Ulaya walipanda baiskeli zenye gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma, na mpandaji akigonga jiwe alirushwa kwa kichwa. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry huko Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuendesha lile la nyuma. Waingereza waliziita baiskeli za namna hiyo baiskeli za usalama. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta mpira wenye upepo. Baada ya hapo dunia ilitaka mpira mwingi, na sisi Wakongo tunajua ulitafutwa wapi, na kwa mateso gani ya wazee wetu chini ya mfalme Leopold II. Kitu kilicholipiwa hivyo hakistahili kupandwa ovyo.

Basi nakuomba, kila Jumapili kabla ya kutoka kwenda kuonyesha kinga yako, ifanyie ukaguzi huu. Hauchukui dakika 10.

1. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, na uisukume mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma pia. Mkono wa breki ukigusa usukani, breki hiyo haipo.

2. Tazama mipira ya breki. Mifereji iliyochongwa ndani yake ikiwa imefutika, badilisha. Mpira ukae juu ya rimu, usiguse tairi. Na kama baiskeli yako ina breki ya kurudisha pedali nyuma, kumbuka kwamba mnyororo ukitoka, breki imetoka nayo. Uwe na breki ya mbele.

3. Kaza nati za magurudumu mawili, za usukani na za kiti. Mnyororo usilegee mpaka kugonga bomba, wala usikazwe kama uzi wa gitaa. Tia mafuta kwenye mnyororo, lakini tone lisifike kwenye rimu.

4. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Dinamo hulala baiskeli inaposimama. Kwa hiyo funga nyuma kioo chekundu kinachorudisha mwanga wa gari. Hicho hakihitaji betri.

5. Ukibeba mtoto au mama, funika spoki za nyuma kwa wavu au kibati, na weka mahali pa kukanyaga miguu. Mama akunje kikwembe chake vizuri kabla ya kupanda. Kumbuka pia kwamba uzito ukiongezeka mara mbili, breki zile zile zitahitaji nafasi mara mbili.

6. Kichwa kina haki yake. Kofia ya kazi imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ukianguka njiani, isiyo na mkanda wa kidevuni inaruka kabla yako. Tafuta kofia ya baiskeli au ya pikipiki, na uifunge.

Na nyinyi mnaosimamisha baiskeli kwa kukandamiza tairi kwa kandambili, siwaandikii namba. Mnajua wenyewe.

Liko pia jambo la sheria. Sheria ya hifadhi ya jamii ya nchi yetu, ya tarehe 15 Julai 2016, inaihesabu ajali ya njia ya kwenda na kurudi kazini kuwa ajali ya kazi, mradi mtu hakuikatiza njia wala kuigeuza kwa shughuli zake mwenyewe. Ukitoka kazini na kupitia mteremko wa mbali kushindana mbio na rafiki zako, ukavunjika mguu huko, usishangae ukiulizwa maswali ambayo mke wako na watoto wako hawatapenda majibu yake.

Kwa wakubwa wetu nina neno pia, nalo nalisema kwa heshima. Tunakaguliwa buti, kofia na miwani getini. Ni vema. Lakini mfanyakazi anayefika getini kwa baiskeli isiyo na breki ameshapita hatari kubwa ya siku yake kabla hajavaa kofia hiyo. Mipira ya breki ni kitu cha bei ndogo. Kampuni ikiiweka dukani kwa bei ya kununulia, na kumpa fundi mmoja meza na spana karibu na maegesho ya baiskeli, itakuwa imefanya kazi inayozidi mabango kumi. Na taa moja iwekwe pale njia ya getini inapokutana na barabara ya malori.

Nikirudi kwako, ndugu: Jumapili ijayo, ukifika chini ya mti, usianze kwa kusifu rangi. Mwambie mwenzako, "Nionyeshe breki." Ikishika, msifu kwa sauti mbele ya wote. Isiposhika, usimcheke; mkopeshe spana. Mkifanya hivyo mwezi mmoja tu, mtaona kijana anakuja na mipira mipya ya breki na kuionyesha kama vile zamani alivyoonyesha kioo. Siku hiyo ubishi wa Raleigh na Phoenix uendelee mpaka usiku, mimi nitakuwepo.

Nilisema tutarudi kwenye lile neno. Kwetu kinga ni baiskeli. Lakini katika Kiswahili cha Pwani, kinga ni kitu cha kukulinda, na wazee wa huko husema kinga ni bora kuliko tiba. Mimi nimeona tiba: sindano, bendeji, na mtoto anayelia usiku. Nakusihi uchague kinga, tena uchague yenye breki.

PENDEZESHA KINGA YAKO, LAKINI ANZA NA BREKI. NYUMBANI WANAKUNGOJA.