Ngitili Isihesabiwe Kuwa Pori Tupu

Kila mwaka, kabla ya Julai mosi kuwadia, vijiji, kata na halmashauri za Mkoa wetu wa Simiyu hukaa kutengeneza mipango na bajeti. Barabara huhesabiwa kwa kilomita, madarasa kwa idadi, pamba kwa kilo na ng'ombe kwa vichwa. Lakini ngitili, chemchemi, mabonde na miti ya vilimani aghalabu havimo katika hesabu hizo. Vikitajwa, hutajwa kama ardhi iliyo wazi inayongoja mtu wa kuilima. Sisi tunasema kwamba hesabu ya namna hiyo ina kasoro kubwa, na gharama ya kasoro hiyo humwangukia mwananchi mnyonge, hasa mama anayekwenda mbali kutafuta kuni na maji.

Wataalamu wa siku hizi huyaita manufaa hayo huduma za mfumo ikolojia. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe ni la wenyeji. Mfugaji wa Binza hakungoja kitabu ili ajue kwamba majani yakilindwa wakati wa masika, ng'ombe hawatakufa wakati wa kiangazi. Alifunga ngitili mvua zilipoanza, akaifungua majani ya nje yalipokwisha. Humo alipata malisho, kuni, fito za kujengea, dawa, asali, matunda na uyoga. Fauka ya hayo, udongo ulishikwa na mizizi, na maji ya mvua yakapata nafasi ya kuzama badala ya kukimbilia mtoni pamoja na rutuba ya shamba. Yote hayo yalikuwa mpango, ingawa hayakuandikwa katika jalada lolote.

Mpango huo ulivunjwa hatua kwa hatua. Katika utawala wa kikoloni, tangu miaka ya 1920, vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kumwondoa mbung'o. Baadaye pamba ilipanuka, na kila mwenye nguvu akafungua shamba jipya. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilisogeza shule na zahanati karibu na watu, lakini vilevile iliwaweka wengi mbali na ngitili zao za asili, zikabaki bila mlinzi. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Hata hivyo, hakuna hatua iliyotanguliwa na swali hili: miti na majani haya yanatufanyia kazi gani, na yakiondoka, kazi hiyo itafanywa na nani? Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu, ulikuwa ukitajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa.

Ndipo mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Kumbukumbu za mradi huo zinaonyesha kwamba mwaka huo ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 350,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto katika vijiji 833. Miti ya miche iliyopandwa ilichangia sehemu ndogo tu ya mafanikio hayo. Sehemu kubwa ilitokana na wananchi kuifunga ardhi, wakaiacha ipumzike na kuotesha visiki vyake yenyewe. Ulinzi ulifanywa na serikali za vijiji zikishirikiana na sungusungu, na mvunja amri alifikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi analoliheshimu kila Msukuma.

Mwaka 2005 ilitolewa ripoti ya uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Uchunguzi huo ulikadiria kwamba manufaa ya ngitili zile yalikuwa na thamani ya Dola za Marekani 14 kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo, wastani wa matumizi ya mwananchi wa kijijini nchini Tanzania ulikuwa Dola 8.50 kwa mwezi. Yaani lile lililoitwa pori lilikuwa likimpa mtu zaidi ya kile alichoweza kutumia kutoka mfukoni mwake. Tunauliza: ni kiwanda gani katika mkoa huu kinachotoa faida ya namna hiyo, nacho hakiandikwi katika bajeti ya halmashauri?

Wapo watakaosema kwamba watu wanaongezeka na ardhi haiongezeki. Ni kweli. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Simiyu kuwa 1,584,157, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu kuwa 2,140,497. Lakini wingi wa watu ndio sababu ya kuhesabu kwa uangalifu zaidi. Shamba linalofunguliwa juu ya kilima huweza kumpa mtu mmoja mavuno ya misimu michache, kisha mchanga wake ukateremka na kujaza lambo linalonywesha ng'ombe wa kijiji kizima. Faida inaingia ghala moja, hasara inaingia nyumba zote. Maadamu hesabu ya pili haifanywi, ile ya kwanza itaonekana kuwa maendeleo.

Wengine watasema kwamba maji ya Ziwa Victoria yanakuja kwa bomba, kwa mradi ulioidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Nasi tunaupokea mradi huo kwa mikono miwili. Lakini bomba halioteshi majani ya ng'ombe wala halizuii korongo. Tena Mto Simiyu, unaopita katika ardhi yetu, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya ziwa hilohilo. Udongo tunaouachia leo utatukuta mbele, katika maji tunayotaka kunywa.

Liko jambo moja zaidi ambalo haifai kulifumbia macho. Ngitili za watu binafsi zilizo kubwa ni za wenye mifugo mingi, ilhali kaya isiyo na ng'ombe hupata kidogo au haipati kabisa. Kwa hiyo kuhifadhi peke yake hakutoshi. Lazima haki iwemo. Kila kijiji kiwe na ngitili ya umma, mipaka yake ijulikane, na mapato yake yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ili mjane na kijana asiye na zizi wajue sehemu yao.

Sheria hazikosekani. Iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iko Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozitaka halmashauri ziwe na mipango ya mazingira na kuzuia shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kinachohitajika ni kuitoa sheria kabatini na kuileta mezani pa mipango.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uonyeshe kila ngitili, chemchemi na bonde, pamoja na kazi ya kila kimoja, kwa maelezo ya wazee na akina mama wanaovitumia. Pili, kila ombi la kufyeka eneo kwa ajili ya shamba, mnada au ujenzi liletwe na hesabu mbili: tutakachopata na tutakachopoteza, na nani atakayepoteza. Baraza la Madiwani likatae ombi lisilo na hesabu ya pili. Tatu, sehemu ya ushuru wa mkaa na mazao ya misitu irudi katika kijiji kinacholinda, kwa maana mlinzi asiye na posho huchoka. Nne, Mkoa usimamie mto kama mto mmoja, kwa kuwa maji hayasimami kwenye mpaka wa Bariadi na Itilima, wala wa Maswa na Meatu.

Wazee walisema akiba haiozi. Ngitili ni akiba, na mwenye akiba anayefanya bajeti bila kuiandika hujidanganya mwenyewe. Madiwani watakapokutana kupitisha mipango ijayo, mwananchi wa Binza ana haki ya kuinuka katika mkutano wa kijiji chake na kuuliza: ngitili yetu imeandikwa ukurasa gani? Kiongozi asiye na jibu arudishe mpango huo ukatengenezwe upya.