Sabuni na dawa ya kidonda zisikutane beseni moja

Mtoto akianguka na kuchubuka goti, wazazi wengi huchota maji kwenye beseni, hukoroga sabuni, kisha humimina humohumo dawa ya kuua vijidudu ili nguvu iongezeke. Kwa baadhi ya dawa, matokeo huwa kinyume: nguvu hupungua.

Sabuni ya kawaida hutokana na mafuta, kama ya nazi au mawese, yaliyochanganywa na kostiki soda. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zikiwa nyingi majini, chembe hizo hujikusanya zenyewe kuwa vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Uchafu wenye mafuta hunaswa katikati na kuondoka na maji.

Vichwa hivyo vya sabuni vina chaji hasi. Dawa zenye setrimidi, klorheksidini au benzalkoni zina chaji chanya, na kwa chaji hiyo hunata kwenye utando wa kijidudu na kuuharibu. Zikikutana na sabuni, hasi na chanya huvutana, zikashikana, na pengine maji yakaingia ukungu au chembechembe nyeupe. Hapo sabuni imeikamata dawa, na dawa imeikamata sabuni. Vijidudu vinapona.

Kwa hiyo, mzazi, fuata zamu. Nawa mikono yako kwanza. Osha mchubuko wa mtoto kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kidogo. Suuza mpaka utelezi na povu viishe kabisa. Ndipo upake dawa, ukiipima kama lebo inavyoelekeza. Kuizidisha huweza kuunguza ngozi laini ya mtoto.

Kanuni hii inafaa hata siku ya kufua. Dawa nyingi za kulainisha nguo nazo zina chaji chanya. Ukiimimina kwenye maji yenye sabuni, umepoteza vyote viwili: nguo haitakati vizuri wala hailainiki. Iweke kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia.

Jeraha likiwa la kina, limeingiwa na udongo au limesababishwa na msumari, lioshe kisha mpeleke mtoto kituo cha afya. Huenda akahitaji chanjo ya pepopunda, na hiyo haipatikani ndani ya beseni.